Sala Uliyokataa Kuiitikia

Mama mkwe mpendwa,

Leo, miezi kadhaa baada ya kukuzika, wamekuondolea matanga, na wageni wameondoka, nami nimebaki na hasira hata kitenge cha sherehe sijakivua. Nimekaa kwenye kile kigoda chako cha kuchambulia ndagala, visamaki vyako vya kuuza sokoni, nakuandikia. Najua barua haifiki huko uliko. Hata ulipokuwa hapa ulikuwa hupendi kusoma, ulikuwa unaniambia, "Soma we, mi nisikie." Basi sikia.

Walifunga shitingi uani kutukinga jua, wakakodi viti vya plastiki, wakaleta Fanta kwa ajili yetu watu wa kanisa. Wasio wa kanisa walikwenda kunywa yao kwa jirani, wakarudi wanacheka kuliko sisi. Chakula kilitosha. Mama Odeta, rafiki yako wa kwaya, alitoka Carama, kule kaskazini mwa mji, kwa miguu na kikapu cha mihogo kichwani. Hadi hapo sina neno. Ungesema ndagala hazikukaangwa vizuri, lakini ungefurahi.

Halafu akasimama Muzee Zakariya. Yule yule, mzee wa kanisa letu hapa Jabe, ambaye anasali mpaka wali unapoa. Akafuta miwani, akasema:

"Ndugu zangu, huyu mama alipita mu krize yote, ile miaka ya vita, bila kuuliza neno. Alipoteza mutoto, hakuuliza. Alilala njaa, hakunung'unika. Meza ya Bwana hakuikosa hata siku moja. Mama ilikuwa kimya kama jiwe. Basi sisi wenye tunalialia kila siku, tumuangalie yeye."

Na alipofika pale pa kulialia, akamtazama Esperansi, binti yako. Watu wote wakaitikia: "Amina!"

Eti kimya! Wewe! Mama, Fanta ilinipanda puani. Wewe ambaye soko lote la Jabe lilijua kwamba umeamka? Wewe ambaye mteja akishika ndagala zako bila kununua unamwambia, "Utaoa iyo samaki ao utaikula?" Na Meza ya Bwana! Aliyekunyima Meza ya Bwana ni nani? Si yeye mwenyewe, kwa mdomo ule ule? Nilitafuta mtu wa kucheka naye, sikumpata. Waliokuwapo wakati ule wengine wamekufa, wengine wamehama, na waliobaki waliangalia chupa zao.

Lakini si hilo lililoniudhi zaidi. Kusema uongo juu ya marehemu ni desturi yao, hata mwizi akifa anakuwa mtu wa watu. Lililoniudhi ni Esperansi.

Unakumbuka alikuja kwetu kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, alikolelewa tangu mdogo, vita vya huko vilipomfukuza. Alikukuta tayari umelala kitandani, sauti imepungua. Miaka yako ya nguvu hakuiona. Na baada ya kukuzika, kijana wake Eriki akapanda milimani juu ya Gihosha na wenzake kutafuta kuni. Wenzake walirudi. Yeye hatujapata habari yake wala mwili wake, mpaka leo. Sasa kanisani, tunapoomba wote pamoja kwa sauti, kila mtu na mzigo wake, Esperansi anauliza neno moja tu: "Mungu, mutoto yangu iko wapi?" Analirudia mpaka wengine wote wanapomaliza, naye anabaki peke yake. Ndipo wanakuja wale mama wa kamati ya kanisa wanamshika bega: "Pole, dada. Uwe kama mama yako. Mama yako hakuuliza."

Wamekugeuza fimbo, Mama. Wanampigia mtoto wako.

Leo Muzee Zakariya alipomaliza, Esperansi aliweka chupa yake chini, akaondoka. Nilimfuata mpaka kwenye lango.

"Wifi, ngoja."

"Niache, wifi. Umesikia. Mama ilikuwa jiwe. Mi sio jiwe. Kama imani ni vile, mubaki nayo. Kesho kwa kanisa siji, na ingine Jumapili siji."

Nilitaka kumwambia palepale. Wageni wakaniita, sahani, maji ya kunawa, nani anaondoka, nani hajala. Nilipogeuka alikuwa ameshapotea. Kwa hiyo nimekaa hapa na hasira zangu, najikumbusha wewe ulikuwa nani, nisije na mimi nikaanza kuwaamini.

Ulikuwa unaomba uani, asubuhi, ukiwasha makaa. Hukupiga magoti. Ulisema goti lako moja ni la Mungu na la pili ni la baridi yabisi. Ulikuwa unaongea naye kama mtu aliyekaa upande wa pili wa jiko: "Jana nilikuambia juu ya chumvi. Leo narudilia." Na Baba Shabani, fundi wetu wa baiskeli, Mwislamu wa watu, anauliza akichungulia juu ya ua: "Mama, leo tena mumegombana?" Nawe unamjibu: "Apana, leo ni yeye ameanza."

Tulicheka sana uani pale.

Halafu likaja juma lile ambalo mwanao Yoeli, mume wangu, alipanda baiskeli kwenda kununua mchele upande wa Gihanga, na watu wakatokea porini wakamuua yeye na wengine njiani. Walituletea mwili wake umefunikwa majani ya migomba. Watu wa kabila gani walimuua, sitaandika. Unajua, na kila anayejua mji huu anajua, na haimrudishi.

Tulipotoka makaburini hukuingia ndani. Ulisimama uani, hukuwasha makaa, ukapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikatoka: "We! Ulikuwa wapi? Nilikuachia huyu mutoto asubuhi. Nilikuambia, umulinde. Ulisikia. Nasema ulisikia! Sasa ulikuwa unafanya nini?" Baba Shabani aliacha nyundo yake.  Mimi niliogopa, nikakushika mkono, nikasema, "Mama, usimwambie Mungu hivyo." Ukanigeukia. Nayasikia maneno yako mpaka sasa:

"Nitamuambia nani? Nagombana naye sababu yeye iko. Mutu anagombana na nyumba yenye haina mutu?"

Ukaingia ndani, ukapika bugali, ukanilazimisha kula.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani. Wewe ulikaa benchi la tatu la wanawake, mahali pako pa kawaida, na upande wako wa kushoto palikuwa wazi. Pale alikuwa anakaa Mama Odeta. Tangu vijana walipoanza kufunga barabara, watu wa Carama hawakuweza kuvuka mji kuja kwetu. Ulikuwa unamwekea nafasi hata hivyo. Mtu akitaka kukaa, unaweka Biblia yako pale.

Muzee Zakariya akatuita mbele, mimi na wewe, akatuwekea mikono kichwani. Nadhani alifikiri anatupa zawadi. Akaomba: "Bwana, kwa ajili ya machozi ya huyu mama na huyu mujane, wale wote wenye kuwa mu ile pori ya kaskazini, wafagie. Usibakize mukubwa, usibakize mudogo. Nyumba zao zibaki bila moshi."

Kanisa lote likavuta pumzi kuitikia. Mimi pia. Mume alikuwa wangu, mdomo ulikuwa tayari.

Ukasema: "Apana."

Si kwa nguvu. Kama unavyomwambia mteja bei haishuki.

"Iyo sala mi siitikie. Mu ile kaskazini kuko Mama Odeta na batoto yake. Mungu, iyo usiisikie."

Muzee Zakariya aliondoa mkono kichwani mwako kama ameugusa moto. "Mama, unakatiza sala?"

"Sikatize, muzee. Na mi naomba. Basi atusikie wote wawili, achague."

Ukarudi kukaa. Ukachukua Biblia kutoka mahali pa Mama Odeta, ukaipangusa, ukairudisha palepale.

Walikuweka nyuma. Wazee walikutana, wakasema umedharau madhabahu, wakakutoa kwenye kwaya, wakakunyima Meza ya Bwana, wakakupa benchi la mwisho karibu na mlango. Mwanamke aliyetoka kumzika mtoto wake!  Na yupo mtu aliyesimama leo chini ya shitingi yetu, na Fanta yetu mkononi, akasema hukuikosa hata siku moja.

Watu walidhani utahama. Kulikuwa na makanisa mengine, tena ya karibu. Ulikwenda kila Jumapili kukaa karibu na mlango. Sinia ya mkate ilipita mbele yako bila kusimama, ukaisindikiza kwa macho, ukaninong'oneza, "Bwana ananijua," nami nikauma leso nisicheke. Ulikuwa unaumia. Najua, kwa sababu nyumbani siku hizo ulikuwa hutaki chakula. Lakini ulikwenda. Na sala zilipoombwa, ulisikiliza kila neno mpaka mwisho. Ikiwa nzuri, "Amina" yako ilitoka huko mlangoni ikafika mbele kabla ya zote. Ikiwa mbaya, ulinyamaza. Hicho ndicho kimya chako pekee ambacho mimi nakijua, na kilisikika kuliko kelele.

Basi watu wa mabenchi ya nyuma wakaanza kukungoja. Muzee akimaliza, kwanza wanakusikiliza wewe. Ukinyamaza, nao wanaitikia mdomoni tu, nusu nusu. Na yeye akaanza kuchagua maneno. Sala ya kufagia watu sikuisikia tena kwake. Alipokurudisha kwenye Meza hakusema kwa nini, nawe hukuuliza. Ulikula mkate ukasema una chumvi.

Na Mama Odeta yuko hai. Leo nilimwangalia anamenya mihogo yake uani kwako. Sisemi ni kwa sababu ile sala haikusikilizwa, mimi siyajui ya Mungu. Nasema tu yuko hai.

Naendelea leo Jumapili, baada ya kanisa. Jana nililala bila kumaliza.

Asubuhi nilikwenda kwa Esperansi. Nilimkuta anafua, Jumapili, kwa makusudi, akitaka nione kwamba anafua. Sikumkemea. Nilichukua nguo nikafua naye, nikamwambia yote niliyoyaandika hapo juu. Mwanzo hakunitazama. Nilipofika kwenye "Bwana ananijua" akacheka bila kutaka, povu likamrukia usoni. Halafu akaacha kucheka.

"Mama alimuambia Mungu, ulikuwa wapi?"

"Kwa kelele."

"Unanidanganya, wifi, ili nirudi."

"Haya, twende kwa fundi. Yeye si wa kanisa letu, hana cha kupata."

Baba Shabani alikuwa amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu. Nikamwambia, "Huyu anasema mama yake alikuwa mtu wa kimya." Gurudumu akalishika likasimama. "Mama huyu wa hapa? Kimya? Binti, mi ni Muislamu, na sala za mama yako najua zote kwa kichwa." Halafu akashusha sauti. "Siku bamezika kaka yako, nilisikia vile alikuwa anamuuliza Mungu. Sijasahau. Na kesho yake asubuhi alikuwa pale tena, na makaa yake."

Esperansi aligeuka akarudi kwake. Alikwenda kuvaa.

Tulikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Yeye ndiye alilichagua. Tulipoomba wote pamoja, akaanza neno lake, mama wa kamati akasogea, nikamtazama, akarudi kukaa. Ndipo Muzee Zakariya akainua mikono kufunga sala: "Bwana, na dada yetu Esperansi, umupe roho ya kunyamaza. Umufundishe kukubali bila kuuliza, kama mama yake mwenye umeshamupumzisha."

Kanisa likavuta pumzi.

Nikasema: "Apana."

Mama, magoti yangu yote mawili yalikuwa ya baridi. Lakini neno lilitoka. "Iyo siitikie, muzee. Mama hakunyamaza. Unajua hakunyamaza, ulimuweka hapa hapa kwenye nimekaa. Alimuuliza Mungu kila asubuhi mpaka kifo, na hakumuacha hata siku moja. Kama munataka tumufuate, tumufuate vile alikuwa."

Aliivua miwani. Nilimwona anakukumbuka, kumbukumbu ile ikampita usoni. Sikumwonea huruma, nisamehe, labda kesho. "Na we unakatiza sala?" akauliza. Mtu mmoja huko katikati akasema chini chini, "Iyo ni ya familia," na wachache wakacheka. Mzee akafungua kitabu cha nyimbo, akatafuta ukurasa, hakuupata.

Katika ile nafasi, Esperansi akasimama. Hakulia. Aliongea kama wewe ukiwa na makaa.

"Mungu, mutoto yangu Eriki iko wapi?"

Akakaa. Hakuna aliyemshika bega. Kanisa lote lilibaki limenyamaza, kwa sababu watu hawakujua kama swali nalo linaitikiwa.

Nikaliitikia mimi. Amina.

Basi, Mama, pumzika, lakini si sana. Yoeli mwambie watoto wake wamekua na baiskeli yake bado inakwenda. Vita bado havijaisha, jana tena tumesikia milio milimani. Na kwa kuwa sasa uko karibu na huyo uliyekuwa unagombana naye, muulize habari ya Eriki. Usimuulize kwa upole.

Mimi mkazamwana wako, ambaye bado nimekaa kwenye kigoda chako.