Mlango wa Kibanda cha Ziwani

Kaka,

Sisi wazima, ila mama miguu inamsumbua. Juzi nilimpeleka ziwani, kwenye kile kibanda chetu cha mbao. Gari halikuchemka hata mara moja, akanilalamikia: "Marehemu baba yenu angeshasimama mara tatu injini ipoe, na mayai ya safari tungeshayamaliza."

Nikakumbuka tulivyobanana watano kwenye gari la wanne, wewe dirishani kila mwaka, mimi na sufuria mapajani. Hilo sijakusamehe.

Mlango bado unavimba kwa unyevu. Zamani wewe ulikuwa ukiuinua, mimi nikiusukuma kwa bega. Siku hizi mimi ni seremala, nina karakana niliyoianzisha bila msaada wako, kwa hiyo nikatoa randa niupunguze. Mama akanishika mkono.

"Uache hivyo hivyo. Kakako akija atainua nini?"

Miaka tisa hujaja. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini nilipomtazama usoni nikairudisha randa kwenye mfuko wa vifaa. Peke yangu mlango haukufunguka; nikambeba, nikampitisha dirishani, naye akicheka kama msichana.

Mwakani hatapita tena dirishani, kaka. Njoo uinue.

Ni mimi mdogo wako, bega liko tayari.