Moduli Zikiisha, Mama Anarudi

Shangazi Pasing,

Naupokea mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa wake, ingawa kwa sauti ninayokusikia nayo redioni umri wetu haupishani sana. Maishani mwangu sijawahi kuandika barua ya kuomba ushauri, kwa kawaida mimi ndiye huombwa, kwa hiyo nivumilie nikizunguka kidogo kabla ya kutia nanga.

Mimi ni mtu wa hapa hapa kisiwani Panay, baharia wa miaka kumi na minne, mpaka mafuta wa injini, na bandari nilizotia mguu nikizianza hatutamaliza, Santos, Rotterdam, Lagos, Busan, na kote huko hakuna lugha iliyonishinda kuombea chakula wala kutukania. Shule niliiacha sekondari mwaka wa pili, sikufukuzwa, niliichoka tu, lakini injini ikikohoa usiulize ni nani aliyekuwa akiitwa na wale wakubwa wenye vyeti ukutani. Nasema haya ili ujue anayekuandikia si mjinga, maana nitakayokueleza mbele utadhani ni mjinga.

Mgongo ulipoharibika nikarudi nyumbani, na mke wangu Merlinda akaenda Taiwan, kiwanda cha vipuri vya simu, mkataba wa miaka mitatu, nikabaki na wasichana wetu wawili, Rhealyn ana miaka kumi na mmoja na Cherrybel ana saba. Kimbunga kikaezua shule yetu, watoto wakarudishwa kwenye moduli, vile vijitabu vya kujisomea nyumbani, kama wakati ule wa ugonjwa, na shule ilipofunguliwa tena ng'ambo ya mto wakampima Rhealyn kusoma, wakasema akae na watoto wa darasa la tatu. Binti yangu mimi. Nikasimama mlangoni pa darasa nikamwambia mwalimu, watoto wote wakisikia, kwamba nimeizunguka dunia mara tano na kama ni kufundisha nitafundisha mwenyewe, nyumbani, bure, na vizuri kuliko yeye. Nikawashika wanangu mikono tukatoka. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa na habari, kwa hiyo njia ya kurudi nilikuwa nimeshaifunga.

Na mwanzo, Shangazi, nilikuwa mwalimu hasa, usicheke. Nilibandika ukutani ramani yangu ya bahari, tukapakua video za bure kwa mtandao wa ofisi ya kijiji, parokia wakatupa vitabu vya hadithi vilivyoliwa na mchwa pembeni tu, hesabu za sehemu nilizifundisha kwa kukata keki ya mchele, na anayepata jibu anakula jibu. Juu ya yote hayo stoo ya shule ilikuwa imejaa moduli zilizobaki tangu ule ugonjwa, na jirani yangu Mwalimu Gallego, mwanamke mwenye funguo za stoo, akaniambia nichukue nitakazo kabla wauza karanga hawajazimaliza kwa kufungia karanga zao. Nikabeba magunia matatu. Nikajiona nina chuo kikuu.

Miezi mitatu wakachoka. Nilijaribu pipi, nilijaribu muda wa kucheza na simu, nilijaribu fimbo mara moja nikaona aibu wiki nzima. Cherrybel akawa anajificha chini ya kitanda nikitamka tu neno moduli, na Rhealyn anakaa mezani na penseli kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Ndipo siku moja Cherrybel akaniuliza mama anarudi lini, nami bila kufikiri nikaonyesha lile rundo pale kando ya mlango nikasema moduli zile zikiisha, mama anarudi. Wakati ule haukuwa uongo, Shangazi, mkataba ulikuwa unaisha Juni na kwa hesabu yangu rundo lingeisha Juni. Ungewaona. Rhealyn alivuta kiti kabla sijamaliza sentensi.

Aprili Merlinda akapiga simu akaniambia harudi. Kuna mtu, Mfilipino mwenzetu, wako kiwanda kimoja, na ana mimba yake ya miezi minne. Akasema anaomba azungumze na watoto mwenyewe, awaeleze polepole. Sikumtukana, na mimi matusi ninayo ya mabara yote. Nilikata simu, nikaifunga namba yake isiingie tena, na simu nyumbani kwetu ni hiyo moja tu. Watoto nikawaambia mnara umeangushwa na upepo.

Juni ikakaribia na rundo likashuka mpaka likafika gotini kwa Rhealyn. Nilitakiwa niseme siku ile. Badala yake nilikwenda kwa Mwalimu Gallego nikachukua gunia lingine, na Rhealyn alipotoka kwenda kuteka maji bombani nikaongeza rundo, si sana, unene wa vidole viwili. Kesho yake vidole vitatu. Nikawa nafanya hivyo kila anapokwenda bombani, bila hata kutazama ni za darasa gani, mpaka siku moja nikaona kwenye mwimo wa mlango ameweka alama za mkaa, anapima urefu wa rundo asubuhi na jioni. Alama zilikuwa zinapanda. Hakuniuliza lolote kuhusu alama. Alishika moduli moja akanisogelea.

"Baba, hii ni ya darasa la tisa. Mimi ningekuwa la tano."

Nikamwambia ni kwa sababu ana akili kama baba yake.

"Sawa," akasema. "Sasa mama anakuja nikifika darasa la ngapi?"

Nikatoka nje nikajifanya naita kuku.

Tangu hapo hachezi. Anakula kasimama, anaandika moduli tatu kwa siku, nywele zinamkatika mbele hapa anapozishika akiandika, na mimi, Mungu anisamehe, nikajisifu. Kwenye pombe ya mnazi nikawaambia wenzangu mwanangu wa miaka kumi na mmoja anamaliza ya darasa la tisa, wakaninunulia, nikanywa. Kusahihisha sikuwa nasahihisha, maana ya darasa la tisa mimi mwenyewe sikuyamaliza na siku hizi wameweka herufi ndani ya hesabu.

Wiki iliyopita mvua ilinifungia ndani nikachukua moja nisome. Swali lilisema: eleza kwa sentensi tatu mambo ambayo mama yako hufanya asubuhi. Na Rhealyn, kwa mwandiko mzuri kabisa, ameandika: Majibu yatatofautiana. Nikafungua ukurasa wa mwisho, ule wa majibu ya mwalimu, ambao mzazi anatakiwa auchane kabla ya kumpa mtoto, na ambao mimi sikuwahi kuuchana hata mmoja kwa sababu mwanzoni ndio nilioutegemea mwenyewe. Pale pale, neno kwa neno: Majibu yatatofautiana. Nikachukua nyingine, na nyingine. Miezi yote hii ananakili ukurasa wa nyuma kwenda ukurasa wa mbele. Nikamwita nikamuuliza, kwa hiyo humu ndani hujui chochote? Hakukana wala hakulia.

"Baba, ulisema ziishe," akaniambia. "Hukusema nijue."

Leo Jumamosi ninapoandika zimebaki thelathini na moja, Rhealyn kazihesabu mwenyewe. Nimekwenda stoo, Mwalimu Gallego kanionyesha sakafu, hakuna kitu tena. Rhealyn ameshafua shuka za mama yake na kuzianika, Cherrybel amechagua kuku wa kuchinjwa na amemtenga. Nimewaza kwenda mjini Iloilo nitafute magunia mengine. Nimewaza pia, na hili nakuandikia wewe tu, kuwaambia mama yao amekufa, maana kifo mtoto anakielewa, analia anamaliza, lakini mama aliye hai asiyetaka kuja nitamweleza kwa lugha gani, mimi ninayejua lugha zote? Nikisema kweli hatashika kitabu tena maisha yake, na mimi ndiye niliyesimama mlangoni pa darasa. Nisaidie nisiwapoteze.

Baharia wa Nchi Kavu


SHANGAZI PASING ANAJIBU

Baharia, Mungu akubariki, mkono umeupata. Sasa kaa chini. Majina ya watu wote nimeyabadilisha mimi, maana wewe na ujanja wako wa bandari zote uliyaandika ya kweli.

Nianze na lile la kifo, nilimalize. Hapana. Merlinda ana miguu na ana sura, na siku binamu yao atakapowaonyesha picha yake kwenye simu akiwa na mtoto mgongoni, watakaokuwa wamemzika mtu ni wao, na utakayezikwa ni wewe. Na Iloilo usiende. Ukileta gunia jingine utakuwa unamtesa mtoto kwa karatasi za bure.

Umeachwa, ndugu yangu. Umeniandikia bandari nne na hukuniandikia hata mara moja kwamba umelia. Nadhani hujalia, na nadhani hilo rundo limekusaidia wewe kuliko lilivyowasaidia watoto, maana na wewe ulikuwa unasubiri, na kila ulipoongeza vidole viwili ulijipa siku mbili za kutosema. Nakuonea huruma kwa hilo. Lakini ulipomfungia mkeo simu huruma yangu imekwisha. Ana lake la kujibu, tena kubwa, ila aliomba azungumze na wanawe na wewe ukawaambia ni upepo. Wasichana hawa hawajui kwamba miezi yote hiyo mama yao alitaka kusema nao.

Jibu hili nalitia gazetini, si redioni, nalo litakufikia Ijumaa. Kwa mwendo wake wa tatu kwa siku, zitakuwa zimebaki kumi na tatu. Ijumaa hiyo hiyo fungua namba ya Merlinda, mpigie ukiwa peke yako, usimuulize habari za mwanamume, mwambie tu kesho asubuhi unawaambia watoto na akae karibu na simu. Matusi yako ya mabara yote yaweke mfukoni.

Kesho yake waambie, mchana kweupe, wameshakula, umeketi chini nao. Maneno machache. Mama yuko hai. Mama harudi kuishi na sisi. Simu niliifunga mimi. Moduli nilikuwa naongeza mimi. Usimwite mama yao jina baya hata wakikusaidia kulitafuta. Kisha piga simu uwape, na wewe toka nje. Safari hii usijifanye unaita kuku.

Rhealyn huenda akakuchukia. Muache akuchukie akiwa nyumbani, akiwa ameshiba. Huenda pia asiguse kitabu wiki nzima, au mwezi, na wewe hutasema kitu.

Sasa kuhusu masomo, kwa sababu uliniuliza, ingawa kwa mlango wa nyuma. Unaogopa mtoto hatakuwa na hamu ya kitabu tena. Mtoto aliyekaa mezani na moduli tatu kwa siku mpaka nywele zikamkatika, huyo ana hamu inayotosha watoto kumi. Ila ilikuwa hamu ya mama yake, na wewe ukaitumia kuendesha hesabu. Isipokuwa na kitu cha kuiendesha, hesabu itabidi isimame yenyewe, polepole, kwa mambo madogo. Zile keki za mchele zilikuwa shule nzuri. Ile ramani ilikuwa shule nzuri. Warudishie hizo. Vitabu vya parokia soma kwa sauti wewe, kila siku kwa saa moja, Cherrybel atatoka chini ya kitanda mwenyewe ukifika penye utamu ukanyamaza. Kurasa za majibu chana zote, na usilolijua liseme hulijui, mkae mlitafute pamoja. Mtoto akimwona baba yake anahangaika na swali mpaka analipata, hilo ni somo ambalo halikuwemo katika magunia yako.

Na Jumatatu inayofuata vuka mto. Nenda kwa yule mwalimu uliyemtolea maneno, mlangoni pale pale, umwombe radhi, na uombe ampime tena Rhealyn. Akisema darasa la tatu, ni darasa la tatu. Kufundisha nyumbani kunaweza kuendelea au kusiendelee, mtaamua mkishajua mtoto anajua nini, maana hivi sasa hakuna anayejua, hata yeye. Utaona aibu. Aibu ya mtu mzima hupungua, mimi nimeona zangu.

Limebaki jambo moja ambalo umelipita bila kuliona katika barua yako ndefu, na ndilo lililoninyima usingizi. Binti yako anajua kwamba alinakili. Siku akisikia mama harudi, atarudi kwenye jambo hilo peke yake, hatakuambia, na atafikia hesabu yake mwenyewe: zingekuwa za kweli, mama angekuja. Usimngoje akuulize, hatauliza. Mkishamaliza simu mchukue kando, mwangalie, umwambie hivi: hata kama ungezijibu zote kwa akili yako, bila kutazama nyuma hata mara moja, mama asingerudi. Rudia mpaka uone amekusikia. Kisha rundo lililobaki libebe mwenyewe, hata kwa mgongo wako huo mbovu, uliondoe pale mlangoni.