Kamongo Aliyepanda Gari la Moshi

Kabazi, juu ya Subukia
Jumatatu

Ndugu yangu mkubwa Ouma,

Kuanzia Nakuru mjini mpaka huku milimani hakuna mwenye akili kama yangu, na usidhani nimelewa. Chukua karani, chukua nyapara, chukua mzungu mwenye shamba pamoja na mbwa wake, uwatie wote kwenye gunia moja na kuwapima: mimi Wandera, niliyeishia darasa la tano, bado nawazidi uzito.

Hamjambo huko? Mguu wako uliokatwa na jembe ulipokuwa ukinichimbia yule samaki umepona? Mama bado anakohoa? Mimi mwili ni mzima, ila roho inachemka kama sufuria ya maharagwe.

Unajua hapa nabeba magunia ya maua ya pareto kuyaingiza kwenye nyumba ya kukaushia. Ukutani kuna kipimo cha joto, na kila saa lazima mtu akisome na kuandika kwenye karatasi. Aliyekuwa akiandika amerudi kwao Kericho kuoa. Nikamwendea karani Jeremia: "Bwana karani, macho ninayo, mwandiko ninao, nipe hiyo kazi niache kuvunjika mgongo." Alikuwa karibu kunipa, haki ya Mungu! Lakini mchana huo huo, tukila, nikawasimulia yeye na wenzangu habari za kamongo, samaki wa kwetu.

Nilisema kweli tupu. Kwamba kwetu kinamasi kikikauka, kamongo hujichimbia topeni, hujikunja mkia juu ya kichwa, hujifunika kwa ute wake ukakauka kama karatasi, huacha kitundu cha kupumulia, halafu hulala miezi bila maji wala chakula mpaka mvua irudi. Na kwamba ana mapafu kama yangu na yako. Wakacheka mpaka uji ukawatoka puani.

"Wandera," karani akasema, "samaki anapumua majini. Ndiyo maana ni samaki. Mimi nimesoma sayansi."

"Aliyeandika hicho kitabu chako alifika kwetu?"

"Sikia huyu! Mtu anayesema samaki analala ardhini kama panya, nikimpa karatasi ataniandikia joto gani? Siku nitakayomwona huyo samaki akifungua mdomo, kazi ni yako. Kabla ya hapo, beba magunia."

Kinachonichoma, Ouma, ni kwamba watu hawa hawa wanaamini kila upuuzi mwingine. Nyapara anaapa kwamba kinyonga akizaa hupasuka tumbo akafa. Nilimshika mkono nikamwonyesha kinyonga kwenye ua wa michongoma akizaa watoto wazima, mmoja baada ya mwingine, kisha mama mtu akajiendea zake kutafuta nzi. Nyapara akasema huyo si kinyonga! Na mzee Kiprono, mlinzi wa stoo, anadai eti vumbi la pareto likiingia mtoni samaki wanaelea tumbo juu. Nikamwuliza mbele ya watu: "Mzee, pareto inaua nzi na viroboto. Kuku wanaidonoa hawafi, sisi tunaishika kutwa hatufi. Samaki ana viroboto?" Watu walicheka sana, na siku hiyo mcheko ulikuwa wangu.

Ndiyo sababu nikakuandikia unitafutie kamongo aliyelala, nawe, Mungu akubariki, ukachimba siku mbili. Mjomba Egesa, kwa vile anatia makaa kwenye injini, alimleta hadi stesheni ya Nakuru ndani ya gunia, amelala katika bonge lake la tope kavu. "Chukua tofali lako," akaniambia, "wenzangu wananiuliza kama najenga."

Jumamosi nikiwa peke yangu nilichovya kidole kwenye maji nikadondosha tone moja kwenye kile kitundu. Akaguna! Nikaweka kiganja, nikasikia pumzi, nyembamba kama ya mtoto aliyelala. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Tayari nilijiona na kalamu sikioni.

Jana baada ya ibada watu wote wakaja mbele ya nyumba ya kukaushia. Nilimwomba karani karai la ofisi, akakataa, eti litanuka. Nikavuta debe tunalozolea vumbi la maua, nikajaza maji. Mzee Kiprono akawa ananiambia jambo, lakini mimi sikuwa na nafasi ya maneno ya wazee, watu walikuwa wanangoja. Nikamtumbukiza kamongo na tofali lake. Tope likalegea, maji yakawa kama uji wa wimbi. Tukangoja. Mwisho akaibuka mwenyewe, tumbo juu, kimya.

Karani akaingiza kijiti akamgeuza. "Jamani, ametuletea samaki mkavu akamlowesha! Nyumbani nina omena, dagaa wakavu. Nikiwaloweka wataamka?"

Watoto wa kambi sasa wananiita Omena. Mimi! Karatasi ya joto amepewa kijana asiyeweza kutofautisha sita na tisa. Nimewaambia ni joto la injini lililomuua. Nimewaambia ni baridi ya Kabazi. Nimewaambia hata wewe labda ulichimba aliyekwisha kufa.

Nisalimie Mama, mwambie anywe maji moto. Msalimie shemeji mkeo, nasikia anatarajia, na asimwite mtoto jina langu mpaka nitakapoheshimika tena. Msalimie nyanya, na yule mwalimu wangu aliyesema ulimi utaniponza, usimwambie lolote.

Na lile neno kwamba ulichimba aliyekufa, lifute. Alikuwa hai, Ouma. Mikono yangu ilikuwa ndani ya debe, nikamsikia akijinyoosha, akazunguka mara moja kwenye vidole vyangu, akatetemeka vile nzi wa stoo wanavyotetemeka, akaacha. Mzee Kiprono alikuwa amesema, "Lioshe kwanza hilo debe, mwanangu," nami nikamwambia anyamaze. Leo asubuhi nimempitia mlangoni pa stoo bila salamu, kwa aibu. Hakunicheka. Alisema tu, "Alifungua mdomo. Nilimwona." Kambi nzima hii, ndiye peke yake anayeamini kwamba samaki wako alifika hai.

Mdogo wako,
Wandera