Karatasi Zisizo na Jina

Jumatatu, 4 Machi
Shule ya nane ya mradi wetu wa kupambana na dawa za kulevya. Spika inakwaruza, ukumbi joto tupu, lakini leo wamenisikiliza! Niliwagawia karatasi: andika dawa unayotumia, usiandike jina. Nikawaahidi hakuna atakayejua. Mwalimu wa ushauri, rafiki yangu tangu chuoni, akazikusanya. Sitini na mbili. Moja imenikaa moyoni: “Nameza vidonge vya bibi vya maumivu. Nataka kuacha. Naanzia wapi?” Nimemwachia rafiki yangu azifungie kabatini. Alhamisi narudi na majibu.

Jumatano, 6 Machi
Mikutano kutwa. Jibu la vidonge nimeliandika mara tatu.

Alhamisi, 7 Machi
Wanafunzi saba wamesimamishwa masomo.
Rafiki yangu ndiye. Siku mbili amekaa na madaftari ya insha, analinganisha miandiko, karatasi moja moja. Kisha akampelekea mwalimu mkuu majina. Nilimkuta anasahihisha. Nikamuuliza kwa nini. Kalamu nyekundu haikusimama hata kidogo.
“Wewe unakuja na kuondoka,” akasema. “Mimi ndiye ninayebaki nao.”
Huyu alinishika mkono siku namzika mama. Nilitoka bila kuaga.
Kisha nikaingia ukumbini kwa wanafunzi. Wote macho sakafuni. Kwao mimi ndiye niliyewauza — na nitawaambia nini?

Ijumaa, 8 Machi
Mkurugenzi wangu amefurahi. Anataka saba hao waingie kwenye ripoti: “waliobainika kupitia mradi”. Nikasema hawakubainika, walisalitiwa. Akaniambia nitafute neno laini.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekuja nyumbani kwa binti wa vidonge; jina lake liko kwenye orodha ya mwalimu mkuu. Kidato cha pili, anaishi na bibi yake. Bibi ana goti bovu, kila hatua anashika ukuta. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. Keshokutwa kamati ya nidhamu inakaa, na huenda binti akafukuzwa. Bibi anataka barua yangu: niseme karatasi ile si ya mjukuu wake, mwalimu alikosea.
“Ya vidonge tutayamaliza humu ndani, mwanangu. Vilivyobaki nimeshavitupa. Wewe nirudishie mtoto darasani.”
Ni uongo. Na nikiuandika, rafiki yangu ndiye atakayeonekana mwongo. Nina aibu kusema hilo halikuniumiza. Kidogo lilinipendeza.
Nimeomba nikae nje nifikirie. Niko hapa barazani, naandika humu badala ya kuandika barua. Barua ina tarehe tu.

Binti ametoka. Siku mbili hajasema na mtu, bibi alisema. Amekaa ngazi ya chini, amenipa mgongo. Anaongea polepole, bibi asisikie. Bibi hakuvitupa vyote. Vinne binti mwenyewe amevificha ndani ya soksi yake, na tangu asubuhi anavifikiria hivyo tu.
Sasa amegeuka. Ananiuliza: “Na hili utamwambia nani?”
Ndani bibi ananiita, barua imekwisha?