Kwa Kaka Abeid: Sungura Hawatoki Sebuleni

Schaerbeek, Brussels
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa kaka Abeid,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepoa na unafika msikitini bila kushikwa mkono. Shemeji hajambo? Wajukuu wanasoma? Huku tu wazima, alhamdulillahi. Baridi imetuachia, Amira anakuamkia, nami bado nafanya usafi pale hospitali, zamu ya asubuhi.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Wewe ni mkubwa wangu, nisamehe kulisema, lakini ndivyo ilivyo. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Unasema nimewaaibisha mbele ya wakwe wa binti yangu Amira, na unanitaka nimpigie Bi Aïcha nimwombe radhi, kisha sungura niwachinje au niwagawe. Sitampigia. Sitawachinja. Ila una haki ya kujua yaliyotokea, maana umesikia upande mmoja.

Nilishakusimulia habari za Madame Cécile, yule bibi wa ghorofa ya chini. Nilipofika hapa na Amira mgongoni, sijui Kifaransa cha ofisi, ndiye aliyenisomea barua za komini, yaani manispaa, na kunijazia fomu mezani kwake, miaka na miaka. Januari alianguka ngazini akavunjika nyonga. Walimpeleka nyumba ya wazee, na huko wanyama hawaruhusiwi. Aliacha sungura wawili. Dume akafa wiki ileile. Jike, Noisette, mpwa wa bibi alitaka kumpeleka akachomwe sindano ya mwisho. Nilimpokonya pale mlangoni nikapanda naye kwangu.

Noisette akagoma kula. Kaka, sungura asipokula siku moja tu, tumbo husimama, naye anaweza kufa. Dawa ya daktari wa wanyama ilimrudisha kula kidogo, ila daktari akaniambia huyu anamlilia mwenzake, mtafutie mwingine. Nikaenda kwenye kituo cha wanyama walioachwa nikachukua dume mwekundu, nikamwita Tangawizi. Alikuwa amehasiwa siku chache tu zilizopita, na dume huweza kuzalisha hata baada ya hapo, ikabidi tungoje wiki sita kabla hawajagusana.

Nilidhani ukishawaweka pamoja yamekwisha. Wapi. Siku ya kwanza sebuleni Noisette alimrukia, manyoya yakatapakaa zulia zima, na mimi nilipoingiza mkono kuwaamua nikaumwa kidole gumba mpaka damu. Amira akasema nimrudishe Tangawizi alikotoka. Jirani yangu Maman Sephora, wa Lubumbashi, akachungulia mlangoni.

"Maman Zaituni, ile sungura unaichunga sawa mutoto. Bon, tutaikula siku gani?"

Nikamwambia siku hiyo haipo.

Nikaanza upya. Niliwawekea nyua mbili za waya, ubavu kwa ubavu, zimeachana kidogo ili wasifikiane kwa meno. Kila asubuhi nilibadilisha vitambaa vyao, huyu alalie harufu ya yule. Chakula walipewa wakati mmoja, wakitazamana. Kisha nikawahamishia bafuni kwa ajili ya kukutana, kwa sababu Noisette hakuwahi kuishi bafuni na hakuwa na cha kupigania humo. Nilitandika mkeka wasiteleze, nikakaa sakafuni katikati yao na glavu nene ya jikoni. Dakika kumi, kesho kumi na tano, kila siku nikitoka kazini. Wakikimbizana niliwaacha. Wakishikana na kuzunguka kama gurudumu niliwaachanisha. Wiki tatu, kaka, na magoti yangu unayajua, tumerithi mamoja.

Ijumaa ya tarehe 25 Aprili Noisette aliinamisha kichwa mbele ya Tangawizi. Tangawizi akasita, halafu akamlamba paji la uso. Wakalala pale mkekani wamegusana mbavu, na Noisette akala majani ya kotimiri mdomoni mwa mwenzake.

Daktari alikuwa amenionya kwamba wakishapatana wakae pamoja mahali palipooshwa vizuri, wasitenganishwe, la sivyo narudi mwanzo. Kwa hiyo Jumamosi nilisugua sebule kwa siki nikawafungia uzio mmoja kwenye kona. Jumapili wakwe walikuwa wanakuja kuposa. Nilijua. Sikusahau, wala sikupitiwa, kama ulivyoambiwa.

Walikuja watatu: kijana mwenyewe Ilyas, ami yake Mzee Iddi, na Bi Aïcha mke wa mzee. Nilikuwa nimepika sambusa na chai ya maziwa. Bi Aïcha hakukaa. Alisimama na mkoba mkononi akitazama kona.

"Wapelekeni hao roshani. Hatuposi bandani."

"Karibu ukae, Bi Aïcha," nikasema. "Wao wanabaki. Nikiwatenganisha leo, kazi yote imepotea."

"Basi chagua. Sungura au sisi."

Hapo ndipo niliposema yale uliyofikishiwa yakiwa yametiwa chumvi. Nilisema hivi, neno kwa neno: "Binti yangu haolewi na sebule. Kama mmemjia yeye, yuko jikoni anamimina chai. Kama mmekuja kukagua nyumba, mmeshaikagua."

Amira alikuwa amesimama mlangoni na sinia, na nikaogopa, sikufichi, kwamba nimemvunjia posa yake. Aliweka sinia mezani, akaenda kukaa sakafuni kando ya uzio, na gauni lake jipya.

Mzee Iddi akauliza kwa upole kama ni wa kitoweo. Nikamweleza, kwa ufupi, ni wa nani na kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtu aliyekusomea barua zako," akasema, "huyo ana haki kwako." Akamgeukia mkewe. "Kaa, mama."

Bi Aïcha akakaa ukingoni mwa kiti, hakuonja kitu. Lakini posa ililetwa, Amira akaulizwa, akakubali, na nikahi ni Septemba inshallah. Hilo sidhani kama alikuambia alipokupigia.

Walipoondoka Amira aliosha vikombe. Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema, "Niliogopa utawatoa, Mama."

Jana niliwatia wote wawili kwenye kikapu nikaenda kwa Madame Cécile. Mlangoni wakanizuia, kanuni ni kanuni. Sikubishana. Niliomba wamtoe bibi na kiti chake cha magurudumu nje, kwenye njia ya waendao kwa miguu, ambako kanuni zao hazifiki. Nikamwekea kikapu mapajani. Siku hizi anasahau, kaka. Alinitazama sana akaniita kwa jina la dada yake. Lakini vidole vyake vilikwenda moja kwa moja nyuma ya masikio ya Noisette, mahali anapopapenda. Akauliza huyu mwekundu ni nani. Nikamwambia ndiye mwenzake sasa, na kwamba walianza kwa kuumana.

"Sisi pia," akasema, mimi nikajua anamsema marehemu mumewe. Akacheka mpaka kikapu kikatikisika.

Nitakwenda kila Jumamosi. Anayetaka kunitazama kutoka mlangoni anitazame.

Utakapokuja kwa nikahi, kaka, kitanda chako nitakitandika sebuleni, kando ya sungura, chumba ni hichohicho kimoja. Wao hawakoromi.

Nisalimie shemeji, Omari na mkewe, na shangazi Hawa umwambie dawa ya macho naituma na mtu. Mola akuhifadhi, akuongezee afya, na akulete salama tukae tule pamoja.

Mdogo wako, akupendaye hata akikukatalia,
Zaituni