Kibanda kizima kilicheka, mimi nikawakumbuka Baba na Mama

Jumamosi jioni. Mvua ilianza mchana na bado inanyunyiza, bati letu linalia kama mtu anayepepeta maharagwe.

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Nafula ninayekaa naye dawati moja: natamani kuyasikia tena magomvi ya wazazi wangu.

Nimeshaandika, hapa kwenye simu. Sasa nieleze, maana likisimama peke yake hivyo nitaonekana nina wazimu.

Leo Mama alinituma upande wa Uganda nikachukue omena, dagaa wetu wa ziwani. Yeye anauza viatu vya mitumba hapa Busia ya Kenya, na omena yetu hutoka kwa mama mmoja anayeileta kutoka ziwani Majanji, ndiyo maana sote tunamwita Mama Majanji. Sikumkuta kwenye meza yake. Jirani yake akanielekeza kibanda cha video, akasema kuna picha ambayo watu wamefunga biashara waende kuiona. Nilitaka kumwita tu nitoke, lakini mvua ikanisukuma ndani na mtu akanisogezea benchi.

Picha ilikuwa ya kizungu, ila kwenye vibanda vyetu hakuna anayesikiliza Wazungu. Tunamsikiliza veejay. Anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, anawanyamazisha waigizaji na kusema badala yao, kwa Kiswahili chetu cha mpakani. Wa leo aliihamisha picha nzima. Baba mwenye nyumba akamwita Owor, mama akamwita Nekesa, na lile jumba lao la ghorofa akaliweka Molo, huko kwetu Tororo.

Owor na Nekesa hawapatani hata kidogo. Siku ya kuzaliwa kwa Nekesa, Owor anamletea jeneza. "Mama watoto, nakuletea zawadi," veejay akasema kwa sauti nzito. "Lilikuwa moja tu dukani, nawahi." Nekesa halii. Analipangusa vumbi, analijaza mahindi. Asubuhi Owor anaamka, anakuta jina lake limepakwa rangi kwenye kifuniko. Kuanzia hapo ni vita. Watu walicheka mpaka benchi letu likainuka upande mmoja.

Kuna msichana pia katika ile nyumba. Anapita tu na sahani.

Mimi nilicheka kidogo, halafu nikawa siko pale tena. Nilikuwa Merikit, Uganda, kwa Baba, tulikoishi sote mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Meza yetu ilikuwa na redio mbili. Baba ni Mjopadhola, na jioni lazima asikilize matangazo ya vifo ya Tororo, nani amefariki na anazikwa wapi. Mama ni Mkenya, lazima asikilize habari za kwao. Baba akiongeza sauti, Mama anaongeza. Marehemu wanatajwa huku, waziri anahutubia kule, na mimi katikati na vipande viwili vya ugali, wa Baba wa ulezi, ambao sisi huuita wimbi, na wa Mama wa mahindi. Nilikuwa nakula huku kidogo na kule kidogo, kwa zamu, ili asiwepo wa kusema nimempendelea mwenzake.

Na siku ya mrija. Kwetu pombe ya wimbi hunywewa kutoka kwenye chungu, kwa mirija mirefu kuliko mimi. Mama alichoka na chungu cha Baba, akakifungia jikoni. Baba hakubishana. Alikwenda akatafuta mrija mrefu zaidi, akaupitisha dirishani mpaka ndani ya chungu, akakaa nje kwenye kigoda anakunywa taratibu, anasalimia wapita njia. Mama akaingia jikoni kimya, akautoa mrija chunguni, akautumbukiza kwenye maji aliyooshea vyombo.

Baba alivuta.

Sitasema alichosema. Mama alikimbilia nyuma ya nyumba, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani ya mihogo. Na Baba, alipodhani hakuna anayemwona, alikuwa anafuta mdomo na mabega yake yanatikisika. Nilimwona. Alikuwa anacheka pia.

Kwenye picha, mwishoni Nekesa anaondoka. Owor anabaki, analala ndani ya lile jeneza na kuzungumza, ananyamaza kidogo ili ajibiwe, anazungumza tena. Hapo ndipo kibanda kilicheka kuliko mahali pengine pote. Hapo ndipo mimi nililia. Nikajifanya nafuta mvua.

Desturi ya kibanda kile ni kwamba picha ikiisha hamtawanyiki. Veejay anapitisha kipaza sauti na watu wanatoa hukumu, kama wamekaa kwenye baraza.

Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda, akamtetea Owor. "Mwanaume nachoka na kazi, narudi nyumbani, bibi ni mdomo tu. Sanduku nanunua mapema, hiyo ni mipango."

"Na wewe bibi yako alienda wapi?" Mama Majanji akamuuliza kutoka nyuma.

"Alirudi kwao."

"Basi kaa chini, ndugu yangu. Ya kwako ilikushinda, unahukumu ya Molo."

Yeye mwenyewe alimlaumu Nekesa, lakini kwa kuchelewa. Alisema mwanamke akiletewa jeneza asingoje kulipangusa vumbi, aondoke siku hiyohiyo, na mahindi aende nayo. Mwalimu mmoja akasema picha ni mbaya, imetiwa chumvi, hakuna watu wanaoishi namna ile. Nikaangalia viatu vyangu. Wengine wakasema Owor, wengine Nekesa, wengine wakwe. Waliongea wengi, na yule msichana wa sahani hakuna aliyemtaja.

Halafu kipaza sauti kikafika kwangu.

"Na wewe, dada mdogo? Nani nakosa?" veejay akaniuliza.

Nilikuwa nalo jibu. Nilitaka kusema tatizo halikuwa magomvi, kwamba mle ndani kulikuwa na watu wawili ambao kila asubuhi walikuwa wakiamka na kufikiriana. Nikasema, "Sijui." Mama Majanji akanishika mkono tukaenda kuchukua omena.

Najua ninachokisema kwa sababu najua ndoa ya kwetu ilivyoanza kuisha. Haikuanza kwa kelele. Ilianza Baba aliposema, "Naomba chumvi, tafadhali," na Mama akajibu, "Asante kwa kungoja." Redio moja ikazimwa, sikumbuki ya nani. Waliongea vizuri hivyo karibu mwaka mzima, kama wageni waliokutana kwenye foleni ya mpakani. Kisha Mama akafunga mizigo tukaja huku. Siku hiyo pia hakuna aliyepaza sauti.

Kesho Baba anakuja na kaka yake mkubwa. Upande wa Mama atakaa mjomba. Koo mbili zitazungumza kama jambo hili limekwisha ama halijakwisha, halafu wataniita, waniulize nataka kukaa na nani. Wiki nzima nimekuwa nafanya mazoezi ya kujibu "popote tu," kwa sababu ni neno lisilomuumiza mtu. Leo nimeona nikilisema, nitakuwa nimepita na sahani.

Kwa hiyo nalisema hapa. Mama, Baba, sitaki kuchagua. Nataka mjaribu tena, na mkijaribu msiongee kwa adabu. Kama kweli hakuna kitu kilichobaki cha kugombania, niambieni mimi mwenyewe, kwa mdomo wenu, nami nitajua pa kukaa.

Namsikia Mama. Ameacha kandambili zake mlangoni, anapita jikoni, anakuja huku. Kila siku akifika kwenye pazia mimi huwa nimeshaficha simu na kufungua daftari la hesabu.

Leo simu iko mezani na mwanga wake umewaka. Ayasome yote haya. Baba shule yake ilikuwa ya Kiingereza, Kiswahili anakijua cha sokoni tu, akiandikiwa kirefu namna hii hawezi kufika mwisho. Kesho itabidi Mama amsomee, wakae karibu, na ninavyowajua, kabla hawajamaliza habari ya mrija watakuwa wameshaanza kubishana kuhusu nani aliyecheka kwanza.