Bao Nililofunga Kibondo

Mjukuu wangu Neema,

Barua yako ya Tabora imefika. Hapa Heru Juu maharage yamekubali, sokoni wageni kutoka Burundi wameongezeka. Bibi yako bado anatibiwa hospitali ya Kabanga, nami napika mwenyewe.

Umeuliza kama mtu huzoea kuwa mbali na ndugu. Kwetu tulicheza mpira wote: baba, kaka zangu wawili, nami. Kaka zangu walipokwenda Tanga kukata mkonge, nilicheza Kibondo bila wao, kwa woga. Nilifunga bao, nikageuka kuwakimbilia, nikasimama kama mgeni. Golikipa wa wapinzani akanishika mkono.

“Kaka zako walinifunga hivyohivyo,” akasema. “Leo nimewaona ndani yako.”

Kaka zangu hawakurudi, na sikuzoea. Ila tangu siku ile sikuogopa tena kuingia uwanjani.

Babu yako anayekuwaza,
Yeremia